Mathias Kiwanuka

Mathias Kiwanuka (amezaliwa Indianapolis, Indiana, Marekani, 8 Machi 1983) ni mchezaji mstaafu wa futiboli ya Marekani mwenye asili ya Uganda. Alicheza katika NFL, yaani Ligi ya Taifa ya Futiboli ya nchi hiyo, kuanzia mwaka 2006 hadi 2014, na muda wote huo alikuwa na timu moja tu, New York Giants. Alikuwa mlinzi wa mstari wa mbele, na mara kadhaa alihamishiwa nafasi ya lainibeka. Alikuwa mwanachama wa timu iliyotwaa ubingwa wa Super Bowl mara mbili, katika msimu wa 2007 na msimu wa 2011.

Kiwanuka ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu wa nchi hiyo, aliyeuawa mwaka 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin.

Asichanganywe na Michael Kiwanuka, mwimbaji wa Uingereza ambaye naye ana wazazi kutoka Uganda.

Asili na familia

Wazazi wa Mathias walihamia Marekani kutoka Uganda, na yeye alizaliwa katika jiji la Indianapolis, makao makuu ya jimbo la Indiana. Ukoo wake ni wa Baganda.

Babu yake, Benedicto Kiwanuka (1922–1972), alitumikia jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akasoma sheria London na kurudi nyumbani akiwa wakili. Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza chama cha Democratic Party. Chama chake kilishinda uchaguzi wa mwaka 1961, naye akawa Waziri Kiongozi, cheo ambacho Julius Nyerere alikuwa amekishika Tanganyika mwaka mmoja kabla. Uganda ilipopata serikali ya ndani tarehe 1 Machi 1962, Benedicto akawa Waziri Mkuu. Hata hivyo alishindwa katika uchaguzi wa Aprili mwaka huohuo, hivyo uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962 uliikuta serikali ikiwa mikononi mwa Milton Obote.

Mwaka 1969 aliwekwa kizuizini na serikali ya Obote. Idi Amin alipotwaa madaraka kwa mapinduzi ya Januari 1971, alimwachia huru na mwaka huohuo akamteua kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa Mganda wa kwanza kushika cheo hicho. Lakini Jaji Mkuu huyo hakukubali mahakama iendeshwe na jeshi. Mwaka 1972 alitoa uamuzi wa kumwachia huru raia mmoja wa Uingereza aliyekuwa ameshikwa na wanajeshi. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha walimchukua kutoka katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala mchana kweupe. Hakuonekana tena, na mwili wake haukupatikana.

Mathias alizaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya tukio hilo, kwa hiyo hakumwona babu yake. Jina la ukoo alilovaa mgongoni katika viwanja vya Marekani ndilo lililowafanya waandishi wengi wa michezo wa huko kuieleza historia hiyo kwa wasomaji ambao hawakuwahi kuisikia.

Nafasi yake katika mchezo

Ili kuielewa kazi ya Kiwanuka, ni vizuri kujua namna futiboli ya Marekani inavyochezwa. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 hivi, kutoka mstari wa goli moja hadi mwingine. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele angalau yadi 10. Ikifaulu, hupata nafasi nyingine nne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli huitwa tachidauni na huleta pointi 6. Kuupiga mpira kwa mguu ukapita katikati ya milingoti huleta pointi 3, na baada ya tachidauni mpigo kama huo huongeza pointi 1.

Anayeongoza mashambulizi ni kwotabeki. Yeye ndiye hupokea mpira kila mchezo unapoanza, kisha huamua kuurusha, kumpa mwenzake akimbie nao, au kukimbia nao mwenyewe. Mbele yake husimama wakingaji watano: senta katikati, walinzi wawili kulia na kushoto kwake, na takli wawili kwenye ncha. Kwa kawaida watano hao hawaruhusiwi kupokea pasi. Kazi yao ni kumkinga kwotabeki na kumfungulia njia mkimbiaji. Aghalabu ndio wachezaji wazito kuliko wote uwanjani, na mara nyingi mtazamaji huwatambua pale tu wanaposhindwa.

Upande wa pili wa mpira husimama mstari wa ulinzi, kwa kawaida watu wanne. Wawili wa kati huzuia wakimbiaji, na wawili wa nje, wanaoweza kuitwa walinzi wa ncha, hutakiwa kumpita takli na kumfikia kwotabeki kabla hajarusha mpira. Wakimwangusha nyuma ya mstari, timu yake hupoteza yadi na pia hupoteza nafasi moja kati ya nne. Tukio hilo huhesabiwa katika takwimu rasmi za NFL tangu mwaka 1982. Walinzi wawili wakimwangusha pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu. Ndiyo maana takwimu za wachezaji hawa huwa na desimali.

Nyuma ya mstari huo wa ulinzi husimama malainibeka. Hao hawaanzi wakiwa wameinama mbele ya takli. Husimama wima, husoma mchezo, humfuata mkimbiaji, na wakati mwingine hurudi nyuma kuzuia pasi. Ni kazi inayohitaji macho na miguu tofauti na ile ya mlinzi wa ncha.

Kiwanuka alikuwa na urefu wa mita 1.96 hivi na uzito wa kilo 120 hivi. Kwa asili alikuwa mlinzi wa ncha, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ya michezo ilikuwa pambano la ana kwa ana na takli wa timu pinzani.

Shule na chuo

Alisoma Cathedral High School, shule ya Kikatoliki iliyoko Indianapolis, na huko ndiko alikojulikana kama mchezaji. Mwaka 2001 alijiunga na Boston College, chuo cha Wajesuiti katika jimbo la Massachusetts, ambako timu ilikuwa chini ya kocha Tom O'Brien.

Mwaka 2004 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ulinzi katika shirikisho la vyuo la Big East. Mwaka uliofuata Boston College ilihamia shirikisho la ACC, naye akaendelea kuwa tishio kwa wakingaji wa vyuo vipya alivyokutana navyo. Alipomaliza masomo mwishoni mwa mwaka 2005 alikuwa amewaangusha makwotabeki mara 37.5, idadi iliyokuwa rekodi ya chuo hicho.

Kuingia NFL na msimu wa 2006

Kila mwaka timu za NFL huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Katika uteuzi wa Aprili 2006, New York Giants ilimchagua Kiwanuka akiwa wa 32, yaani wa mwisho katika duru ya kwanza. Kocha wa Giants, Tom Coughlin, naye aliwahi kuwa kocha mkuu wa Boston College mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Uteuzi huo uliwashangaza baadhi ya watu, kwa sababu Giants tayari ilikuwa na walinzi wa ncha hodari: Michael Strahan, Osi Umenyiora na kijana Justin Tuck. Lakini msimu huo Strahan, Umenyiora na Tuck wote walipata majeraha kwa nyakati tofauti, na mchezaji mpya akajikuta uwanjani mapema kuliko ilivyotarajiwa. Alimaliza msimu akiwa ameangusha makwotabeki mara 4 na kunasa pasi 2 za wapinzani.

Hata hivyo msimu huo unakumbukwa zaidi kwa tukio moja. Tarehe 26 Novemba 2006 Giants ilicheza na Tennessee Titans mjini Nashville na kuongoza kwa pointi 21–0 hadi robo ya mwisho. Titans walirudisha pointi 14. Dakika za mwisho walibakiwa na nafasi ya nne, huku wakihitaji yadi 10. Kama wangeshindwa, mpira ungekuwa wa Giants na mchezo ungekuwa umekwisha. Kiwanuka alimpita mkingaji wake na kumkumbatia kwotabeki Vince Young. Kisha akamwachia. Alidhani Young ameshautupa mpira, na kumwangusha kwotabeki ambaye hana tena mpira ni kosa lenye adhabu ya yadi 15. Lakini mpira ulikuwa bado mkononi. Young alikimbia yadi 19, timu yake ikasawazisha, na katika sekunde za mwisho Titans wakashinda 24–21 kwa mpigo wa mguu.

Coughlin hakuficha hasira yake, na picha za tukio hilo zilirudiwa mara nyingi kwenye televisheni. Kiwanuka hakukwepa lawama. Kisa hiki hutajwa mara kwa mara katika mijadala kuhusu sheria za kumlinda kwotabeki: mlinzi hupewa chini ya sekunde moja kuamua, na kosa la kushika linaweza kugharimu sawa na kosa la kuachia.

Msimu wa 2007: kuhamishwa na kuvunjika mguu

Mwaka 2007 Strahan, Umenyiora na Tuck walikuwa wazima, na Giants haikutaka kumweka Kiwanuka benchi. Mratibu mpya wa ulinzi, Steve Spagnuolo, alimtumia kama lainibeka. Ilimbidi ajifunze upya namna ya kusimama, kusoma mchezo na kukabili pasi, mambo ambayo hakuwa ameyafanya chuoni.

Alicheza mechi 10 na kuangusha makwotabeki mara 4.5. Katika mechi ya kumi, tarehe 18 Novemba 2007 mjini Detroit, alivunjika mfupa wa mguu na msimu wake ukaishia hapo. Timu iliendelea bila yeye, na tarehe 3 Februari 2008 ikaifunga New England Patriots 17–14 katika Super Bowl ya 42. Patriots walikuwa wameshinda mechi zao zote 18 za msimu huo kabla ya siku hiyo, na ushindi wa Giants huhesabiwa miongoni mwa matokeo yaliyoshangaza zaidi katika historia ya ligi. Kiwanuka alikuwa bingwa kwa kuwa mwanachama wa kikosi, lakini hakugusa uwanja.

Miaka ya 2008 hadi 2010

Strahan alistaafu katikati ya mwaka 2008. Mnamo Agosti, kabla ya msimu kuanza, Umenyiora aliumia goti na kukosa msimu mzima. Kiwanuka akarudishwa kwenye nafasi yake ya asili. Huo ndio uliokuwa msimu wake bora kwa takwimu: aliangusha makwotabeki mara 8, na Giants ilimaliza ikiwa na ushindi mara 12 na kushindwa mara 4.

Mwaka 2009 Umenyiora alirudi, na nafasi ya Kiwanuka ikapungua. Mwaka 2010 alianza kwa kasi: katika mechi 3 za kwanza alikuwa tayari ameangusha makwotabeki mara 4. Ndipo madaktari walipogundua kwamba diski ya shingo yake ilikuwa imechomoza. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kugongana na watu wenye uzito wa kilo 140 kila baada ya nusu dakika, jeraha la shingo si jambo dogo, kwani huweza kumaliza kazi na pia kuhatarisha uti wa mgongo. Aliwekwa kwenye orodha ya majeruhi, hakucheza tena mwaka huo, na mkataba wake ukawa unakwisha.

Ubingwa wa 2011 katika mji wa nyumbani

Baada ya kupona aliingia mkataba mpya na Giants mwaka 2011 na kukubali tena kucheza kama lainibeka. Alicheza mechi zote 16 za msimu wa kawaida na kuangusha makwotabeki mara 3.5. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ya 2008, lakini kazi aliyopewa sasa ilikuwa hasa kuwazuia wakimbiaji na kuwaachia wenzake, akiwemo Jason Pierre-Paul aliyekuwa bado kijana, nafasi ya kumwandama kwotabeki.

Giants ilimaliza msimu wa kawaida kwa ushindi mara 9 na kushindwa mara 7, rekodi ya wastani tu. Katika hatua ya mtoano iliifunga Atlanta Falcons 24–2, kisha Green Bay Packers 37–20, kisha San Francisco 49ers 20–17 katika muda wa nyongeza. Fainali, Super Bowl ya 46, ilichezwa tarehe 5 Februari 2012 katika uwanja wa Lucas Oil mjini Indianapolis. Mpinzani alikuwa tena New England Patriots, na Giants ilishinda 21–17.

Kwa Kiwanuka mechi hiyo ilikuwa na maana mbili. Ilichezwa katika mji alikozaliwa na kusoma, na ilikuwa dhidi ya timu ileile ambayo Giants ilikuwa imeishinda miaka minne nyuma wakati yeye akiuguza mguu. Safari hii alikuwa uwanjani.

Miaka ya mwisho

Mwaka 2012 mkataba wake uliongezwa. Umenyiora alipoondoka mwaka 2013, Kiwanuka alirudi kwa mara nyingine kwenye nafasi ya mlinzi wa ncha na kuangusha makwotabeki mara 6, idadi yake kubwa kabisa tangu 2008. Mwishoni mwa mwaka 2014 aliwekwa kwenye orodha ya majeruhi kwa sababu ya goti, na Machi 2015 Giants ilimwachia. Hakucheza tena katika NFL.

Takwimu

Idadi ya mara alizoangusha kwotabeki katika misimu ya kawaida:

- 2006: 4
- 2007: 4.5
- 2008: 8
- 2009: 3
- 2010: 4
- 2011: 3.5
- 2012: 3
- 2013: 6
- 2014: 2.5
- Jumla: 38.5

Takwimu hizi zisomwe pamoja na historia ya nafasi zake. Misimu miwili aliyoangusha makwotabeki mara nyingi zaidi, 2008 na 2013, alicheza kama mlinzi wa ncha. Misimu ambayo Giants ilitwaa ubingwa, 2007 na 2011, alicheza hasa kama lainibeka, kwa mahitaji ya timu.

Waafrika Mashariki na futiboli ya Marekani

Mchezo huu hauchezwi sana Afrika Mashariki, na wachezaji wa NFL wenye asili ya eneo hili ni wachache. Wengi wa Waafrika waliofika huko wana asili ya Afrika Magharibi, hasa Nigeria. Umenyiora, aliyecheza na Kiwanuka kwa miaka mingi, ni mmoja wao: alizaliwa London kwa wazazi Wanigeria na kukulia kwa muda Nigeria.

Mwaka 2013 timu ya Indianapolis Colts, ambayo ni timu ya mji wa kuzaliwa wa Kiwanuka, ilimsajili Daniel Adongo wa Kenya. Adongo, aliyezaliwa 1989, alikuwa mchezaji wa raga na hakuwahi kucheza futiboli ya Marekani kabla ya kusajiliwa. Aliingia uwanjani Desemba mwaka huo na hutajwa kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika NFL. Colts ilimwachia mwaka 2015.

Njia za wawili hao zilikuwa tofauti. Adongo alikulia Kenya na kujifunza mchezo akiwa mtu mzima. Kiwanuka alizaliwa Marekani na kupitia shule na chuo kama mchezaji mwingine yeyote wa huko. Kwa miaka ya karibuni NFL imeanza kutafuta vipaji barani Afrika yenyewe, kwa mpango ambao Umenyiora amekuwa kiongozi wake. Kambi ya kwanza ilifanyika Ghana mwaka 2022, na mwaka 2023 mpango huo ulifika Nairobi.

Kumbukumbu ya jina

Nchini Uganda jina la Kiwanuka hukumbusha kwanza mahakama. Idara ya Mahakama ya nchi hiyo hufanya mhadhara wa kila mwaka wa kumkumbuka Benedicto Kiwanuka mwezi Septemba, mwezi aliouawa. Nchini Marekani jina hilohilo hukumbusha mlinzi wa New York Giants aliyehamishwa nafasi mara kadhaa, akarudi baada ya kuvunjika mguu na kuumia shingo, na kucheza fainali mjini kwao.